Kadi ya Mama Haisomi

Saa mbili asubuhi kwenye dirisha la bima la hospitali ya rufaa, wanaopanga foleni si wagonjwa. Ni watoto wao: binti aliyeomba ruhusa kazini mpaka saa sita, kijana wa bodaboda aliyetumwa na kaka zake, mkwe mwenye bahasha ya kaki kwapani. Mgonjwa kakalishwa benchi la nyuma, khanga mabegani, hana habari na kinachoendelea mbele. Na jibu linalotoka dirishani mara nyingi halihusiani kabisa na ugonjwa. Kadi haisomi. Jina halilingani. Rufaa iko wapi? Mwajiri hajawasilisha michango.

Ukiyatazama vizuri majibu hayo, hakuna hata moja lililozaliwa asubuhi ile. Jina lilikosewa siku mzee alipojiandikisha kitambulisho cha taifa. Michango ilikwama miezi kadhaa nyuma, kwenye ofisi ambayo mgonjwa hajawahi kuiona. Rufaa ilitakiwa kuandikwa na daktari wa wilaya wiki iliyopita. Karani wa dirishani ndiye anayepewa lawama zote, ilhali yeye ni mtu wa mwisho kwenye mlolongo mrefu wa makosa ya wengine. Kwa hiyo anayesimamia mambo ya mzazi anayeugua afanye kazi yake kubwa mbali na dirisha, na aifanye siku ambazo mzazi ana nafuu. Yaliyomo humu yanahusu zaidi Tanzania Bara na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, kwa kuwa ndiko wazee wengi wenye kadi waliko.

Mzazi ameingia bima kwa mlango upi?

Hili ndilo swali la kwanza, na inashangaza familia ngapi haziwezi kulijibu. Karani anauliza, "Dada, mchangiaji ni nani hapa?" Binti anageuka kumtazama mama yake, mama anamtazama binti. Mwishowe anapigiwa simu kaka aliyeko Mwanza, na kaka yuko kwenye kikao.

NHIF ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi, nusu analipa mtumishi na nusu mwajiri. Kwa mchango huo mwanachama hupata huduma yeye, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Hao wanne wanaweza kuwa watoto, wazazi wake, au wakwe zake. Mzazi basi huwa na kadi kwa njia moja kati ya tatu: ni mstaafu aliyekuwa mchangiaji mwenyewe, ni tegemezi wa mtoto wake aliyeajiriwa, au alinunuliwa kifurushi. Kila njia ina mahali pake pa kukatikia.

Mstaafu yuko kwenye hali ya afadhali. Mwalimu wa shule ya msingi aliyechangia kwa muda unaotakiwa hubaki na bima baada ya kustaafu, yeye na mwenza wake, bila kukatwa kitu tena. Wanachosahau wengi ni kwamba bima hiyo haiwabebi watoto wala wajukuu anaowalea nyumbani. Bibi anayekwenda na mjukuu akitegemea kadi yake atarudishwa, na hapo hakuna kosa la mtu.

Kwa tegemezi kuna hesabu ya kifamilia inayofaa kufanywa kwa utulivu. Nafasi ni nne tu. Mtoto mwenye watoto wanne wa kuwazaa hana pa kumweka mama, labda amwondoe mwanawe mmoja. Aghalabu familia hukimbilia kumpa mama yule ndugu mwenye watoto wachache. Wangeangalia pia usalama wa ajira yake. Bima ya tegemezi inaishi na kufa na ajira ya mchangiaji: akiacha kazi, akifukuzwa, mkataba ukiisha, kadi ya mama nayo inazimika, hata kama siku hiyo mama amelazwa. Afadhali mama akae kwa binti muuguzi wa halmashauri mwenye watoto wawili kuliko kwa kijana asiye na mtoto anayefanya kazi kwenye mradi wa miaka miwili. Na huyo binti asibebeshwe yote kwa sababu tu kadi iko kwake. Nauli, nepi za wakubwa, na dawa zisizolipwa na bima zigawanywe kwa ndugu wengine, tena mapema na kwa maandishi, hata kama ni ujumbe kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Aliyeajiriwa kampuni binafsi awe na macho zaidi. Makato yanaonekana kwenye hati ya mshahara kila mwezi, lakini makato si sawa na mchango kufika. Mwajiri akichelewesha kuwasilisha, Mfuko unaweza kusitisha huduma kwa wafanyakazi wake wote na wategemezi wao. Uliza ofisi ya rasilimali watu, au piga namba ya bure ya Mfuko, 199, uhakiki hali ya uanachama. Fanya hivyo mwanzoni mwa kila robo mwaka kama mzazi ana ugonjwa wa kudumu. Haitoshi kusubiri dirisha likwambie.

Njia ya kununua ndiyo inayobadilika zaidi. Mwishoni mwa 2019 NHIF ilizindua vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza Afya. Baadaye vikaja vya Ngorongoro na Serengeti. Sasa ipo pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayomtaka kila mkazi awe na bima, na utekelezaji wake unaendelea kuvipanga upya vifurushi na bei. Maana yake kwa msomaji ni moja tu: usinunue kwa maneno ya jirani aliyenunua miaka miwili iliyopita. Chukua karatasi ya masharti ya mwaka huu.

Kwenye kampuni binafsi, mikataba ya mzee ina sehemu tatu za kusomwa kabla ya bei. Ya kwanza ni umri wa mwisho wa kuingia, maana wapo wasiompokea mtu mpya akishapita miaka kadhaa. Ya pili ni muda wa kusubiri kabla ya huduma fulani kuanza. Ya tatu ni ugonjwa aliokuwa nao kabla, ambao ama haulipiwi kabisa au una kikomo chake kidogo. Mzee ana presha na sukari, na wakala, kwa kutaka kufunga biashara, ananong'ona kwamba visiandikwe. Viandikwe. Siku ya kulazwa, faili la hospitali litaonyesha dawa za presha alizotumia tangu zamani, na kampuni itakuwa na haki ya kukataa dai zima.

Asiye na njia yoyote kati ya hizo bado ana dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na serikali imekuwa ikiwatibu bila malipo wazee wasio na uwezo katika vituo vyake. Utambulisho huanzia serikali ya mtaa au kijiji na kupita kwa afisa ustawi wa jamii. Huduma ipo, ila dawa isiyokuwepo kwenye ghala la hospitali utaambiwa ukanunue.

Walio nje ya Bara wana utaratibu wao. Zanzibar ina mfuko wake, ZHSF, uliowekwa kwa sheria ya 2023. Kenya ilivunja NHIF yake ya zamani, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi iko kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa mchango wa asilimia 2.75 ya kipato na si chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Mtanzania mwenye ndugu Mombasa asidhani mambo yanafanana: chini ya SHA mzazi hawekwi kama tegemezi wa mtoto wake. Anajiandikisha mwenyewe kama kaya inayojitegemea, na mtoto anachoweza kufanya ni kumlipia.

Jina, tarehe na vidole

Ili mama aingizwe kama tegemezi, mchangiaji huthibitisha kuwa ni mama yake kwa cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la mama. Hapo ndipo kazi inapoanza. Cheti cha mtoto, kilichoandikwa zamani na karani aliyesikia kwa sikio moja, kinasema Mwanaidi. Kitambulisho cha taifa kinasema Mwanahidi. Kadi ya kliniki inasema Mama Hamisi. Mtu mmoja, majina matatu, na mfumo wa kompyuta hauna habari kwamba mtaani wote wanamjua.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho hicho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mzee aliyezaliwa wakati wa masika ya mwaka asioukumbuka alipangiwa tarehe na mwandikishaji, na tarehe hiyo ikawa sehemu ya namba yake. Ikiwa kazini aliandikishwa kwa mwaka mwingine, mfuko wa pensheni unamjua kama mtu wa umri mmoja na NIDA kama wa umri mwingine.

Njia ya kufuata ni kuchagua waraka mmoja uwe msingi na mingine yote ivutwe kuelekea huo. Kwa sasa waraka huo ni kitambulisho cha taifa, kwa sababu benki, laini ya simu na pensheni vyote vinakisoma. Usianze kurekebisha ovyo, leo NIDA, kesho RITA kwenye vyeti vya kuzaliwa, maana utajikuta umetengeneza tofauti mpya. Tofauti ndogo ya herufi kwa kawaida hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, inayosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Jina lililobadilika kabisa, kwa mfano mama aliyesilimu au aliyeacha ubini wa mume, huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Wakili akishaandika, toa nakala nyingi zilizothibitishwa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kila ofisi itataka ya kwake.

Kuna jambo dogo linalokwamisha watu wazima na akili zao. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza 2019, wazee wengi walikuwa hawajapata namba ya NIDA, wakasajiliwa laini kwa jina la mjukuu au la mwenye kibanda. Leo benki inatuma namba ya siri ya muda kwenye simu hiyo, na siku mjukuu akikosana na familia au akipoteza simu, mzee hana njia ya kujithibitisha. Hakikisha laini ya mzazi iko kwa jina lake.

Halafu vidole. Mfuko sasa unahakiki wanachama kwa alama za vidole au sura, hatua iliyoletwa kuzuia kadi kutumiwa na wasio wenyewe. Mkulima wa miaka 78 aliyeshika jembe maisha yake yote ana vidole vilivyolainika kama kioo. Mashine inawaka nyekundu, anaambiwa afute mkono kwenye gauni, inawaka nyekundu tena. Anaona aibu, kana kwamba amekutwa na hatia. Mpeleke akasajiliwe taarifa zake siku ambayo si mgonjwa, omba wajaribu vidole vyote kumi, na omba sura isajiliwe pia. Kumfanyia hivyo mtu aliye kwenye machela ni mateso kwa kila mtu.

Dirishani

Huduma za bima hufuata ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, ya kanda kama Bugando, KCMC au Mbeya, kisha Muhimbili na hospitali bingwa kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ya mifupa ya MOI na ya saratani ya Ocean Road. Dharura hupokelewa bila kuulizwa ngazi. Nje ya dharura, barua ya rufaa ndiyo pasi ya kusafiria. Kabla hujaondoka na barua hiyo hospitali ya chini, isome: jina liwe kama la kwenye kadi, ugonjwa uandikwe kwa herufi zinazosomeka, idara unayopelekwa itajwe, na mhuri uwepo. Barua isiyo na mhuri imewarudisha watu Singida kutoka Dodoma.

Dawa zina ngazi zake pia, na hili ndilo jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Mwongozo wa taifa wa matibabu na orodha ya dawa muhimu unazipanga dawa kwa madaraja ya herufi: A kwa zahanati, B kituo cha afya, C wilaya, D mkoa, na S kwa madaktari bingwa. Mzee akiandikiwa na bingwa dawa ya daraja S, kisha mwezi unaofuata akaenda kuiongeza kwenye zahanati ya karibu na nyumbani, ataambiwa "bima hailipi." Bima inalipa, kituo hicho ndicho hakina ruhusa ya kuitoa. Kabla hamjatoka kliniki ya bingwa, muulize daktari maswali mawili. Dawa hii iko kwenye orodha? Naweza kuichukulia wapi mwezi ujao? Akisema haipo, muulize kama ipo mbadala wake kwenye orodha. Na muombe aandike jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara: amlodipini kwa presha, metformini kwa sukari. Madaktari wengi hukubali bila neno, tatizo hawaulizwi.

Dawa ikiwa inalipiwa na bima lakini imeisha hospitalini, usitoke kwenda kununua kwa pesa yako moja kwa moja. Ipo fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lenye mkataba na Mfuko, kwa miaka mingi watu wameijua kama 2C. Omba iandikwe na igongwe mhuri kabla daktari hajaondoka zamu.

Vipimo vikubwa, upasuaji wa gharama, na baadhi ya tiba za kibingwa huhitaji kibali cha Mfuko kabla ya kufanyika. Ombi hutumwa na hospitali, si na familia, na hapa ndipo karatasi hulala. Muuguzi anadhani daktari ametuma, daktari anadhani ofisi ya bima imetuma. Uliza kwa upole jina la aliyetuma na siku aliyotuma, andika kwenye daftari, kisha mfuate ofisa wa Mfuko kama hospitali hiyo inaye. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hawezi kungoja kibali kimkute Jumatatu jioni.

Baada ya huduma utaletewa fomu mgonjwa atie sahihi, au wewe kwa niaba yake. Soma. Fomu hiyo ndiyo ankara ya hospitali kwa bima, na sahihi yako inasema huduma zote zilizoandikwa zimetolewa. Kama kimeandikwa kipimo ambacho mama hakufanyiwa, sema. Wengi hutia sahihi wakiwa na haraka ya kuwahi gari, na kwenye bima binafsi yenye kikomo cha mwaka, kila kilichoongezwa pale kimekatwa kwenye fungu la mama yako.

Na tusizunguke: kadi ya mama si ya shangazi. Kuazimana kadi kumeonekana muda mrefu kama wema wa kindugu, lakini ni udanganyifu kisheria. Mbali na kadi kufungiwa, kuna hatari ambayo haisemwi sana. Kundi la damu la shangazi, mzio wake, na ugonjwa wake vinaingia kwenye rekodi za mama. Daktari atakayemtibu mama kesho atasoma habari za mtu mwingine.

Mtandao ukiwa chini, jambo la kila wiki, uliza hospitali ina utaratibu gani mbadala kabla hujalipa taslimu. Ukilazimika kulipa, dai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la mgonjwa, pamoja na karatasi ya daktari inayoeleza huduma. Kwa bima binafsi, bila viwili hivyo hakuna kurudishiwa fedha. Angalia pia mkataba unatoa siku ngapi za kupeleka dai, maana siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya matibabu.

Somo la Machi 2024

Ijumaa ya tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF, yaani orodha ya huduma inazolipia na bei zake, kilianza kutumika. Wamiliki wa hospitali binafsi walishasema bei zake haziwatoshi, na siku hiyo hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikasitisha kuwahudumia wenye kadi za Mfuko. Wanachama wakaelekezwa kwenye vituo vya serikali, vya mashirika ya dini, na vya binafsi vilivyobaki. Mgogoro ulizungumzwa na huduma zikarejea, lakini kwa mtu aliyekuwa na mzazi wodini, au miadi ya kusafisha figo Jumamosi, hata siku moja ilikuwa ndefu.

Waliopita salama ni wale ambao kumbukumbu za matibabu zilikuwa mikononi mwao. Hospitali mpya inataka kujua mgonjwa ana nini, anatumia nini, na alipimwa nini mwisho, na hospitali ya zamani haiwezi kutoa faili kwa siku moja. Kwa hiyo kila mzazi anaporuhusiwa, omba nakala ya muhtasari wa matibabu. Piga picha majibu ya vipimo siku yanapotoka. Weka orodha ya dawa na dozi zake kwenye karatasi moja, yenye tarehe, na uibadilishe kila dozi inapobadilika. Jua mapema kituo cha pili kinachotoa huduma hiyo hiyo, chenye mkataba na Mfuko, mjini mwenu.

Mzazi asipoweza kusema wala kutia sahihi

Mtoto hana mamlaka ya kisheria juu ya mambo ya mzazi wake kwa sababu tu ni mtoto. Wengi huligundua hili vibaya. Ofisa wa bima akikataa kwenye simu kukueleza habari za matibabu ya baba yako, hajakudharau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazichukulia taarifa za afya kuwa nyeti. Dawa yake ni barua fupi ya ridhaa, iliyotiwa sahihi au dole gumba na mzazi mwenyewe, ikitaja jina lako, namba yako ya NIDA, na mambo unayoruhusiwa kufuatilia. Iandikwe leo, mzee akiwa na fahamu zake.

Kwa mambo mazito zaidi, kama benki, pensheni au kuuza kiwanja kulipia matibabu, inatakiwa hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili. Ikihusu ardhi lazima isajiliwe. Ila hati hiyo ina udhaifu ambao mawakili wa bei rahisi hawausemi. Chini ya sheria yetu ya mikataba, uwakala hukoma aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Baba akipata kiharusi kikaondoka na ufahamu wake, au usahaulifu wa uzeeni ukimzidi, karatasi uliyonayo imekwisha nguvu katika siku ile ile uliyoihitaji zaidi. Hapo njia inayobaki ni kwenda mahakamani kuomba kuteuliwa msimamizi wa mali za mgonjwa, kwa ushahidi wa daktari. Ni njia ndefu, na ni vizuri ndugu wote waijue kabla, kwa kuwa mahakama itataka kujua kama wamekubaliana. Walio Muscat au London wanaweza kutayarisha hati zao kupitia ubalozi wa Tanzania, lakini bado lazima awepo mtu mmoja nyumbani wa kusimama dirishani.

Mstaafu wa serikali ana kitu kingine cha kulinda. Mfuko wa pensheni wa PSSSF, uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF, huwahakiki wastaafu mara kwa mara kujua kama wako hai. Asiyehakikiwa husimamishiwa pensheni. Siku hizi uhakiki unaweza kufanywa kwa simu janja kupitia programu ya PSSSF Kiganjani, jambo lililowapunguzia wengi safari. Kwa mzee aliyelala kitandani, kijana mmoja mtulivu ashike simu, ageuze kitanda kiangalie dirishani, na ajaribu asubuhi mwanga ukiwa mzuri. Ikishindikana, wapigie au waandikie mapema na uambatanishe barua ya daktari. Kusubiri pensheni ikatike ndipo uanze kufuatilia ni kujitafutia miezi ya mkopo.

Tukitaja mikopo: fungua karatasi za benki za mzazi. Mikopo ya wastaafu na wafanyakazi mara nyingi hubeba bima ya mkopo, iliyokatwa siku ya kwanza bila mkopaji kuigundua. Bima hiyo hulipa deni lililobaki mkopaji akifariki, na mikataba mingi huhusisha pia ulemavu wa kudumu. Ziko familia zinazoendelea kukatwa pensheni ya baba aliyepooza kwa sababu hakuna aliyeuliza. Nenda tawi lilelile lililotoa mkopo, omba nakala ya mkataba wa bima, tafuta kipengele cha ulemavu wa kudumu na siku za kutoa taarifa. Kiharusi kilichompokonya mtu mkono na kauli kina sifa ya kuulizwa.

Ukikataliwa

Anza kwa kuuliza sababu, na uombe iandikwe. Karani anayesema "haiwezekani" kwa mdomo akiombwa aandike, mara nyingine hurudi kuangalia tena kwenye mfumo. Asipoandika, andika wewe: tarehe, saa, dirisha, jina lililo kwenye beji yake, na maneno yenyewe aliyosema. Sauti isipande. Shikamoo na asante hazina gharama, na kesho utarudi dirisha hilo hilo.

Kwa NHIF, ngazi inayofuata ni ofisi ya Mfuko ya mkoa, halafu makao makuu Dodoma. Kwa kampuni binafsi, lazima malalamiko yaanzie kwenye kampuni yenyewe. Ukiwa na jibu lao, au ukiwa na ushahidi kwamba wamekaa kimya, unaweza kwenda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ofisi iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mlalamikaji wa kawaida anaweza kufika TIO bila wakili.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: jina la mgonjwa, namba ya uanachama, jina la mchangiaji. Ya pili: huduma gani, hospitali gani, tarehe gani. Ya tatu: sababu iliyotolewa ya kukataa, na kipengele cha mkataba au kitita unachodhani kinasema vingine. Ya nne: unachotaka kifanyike, kwa mfano kibali kitolewe, kadi ifunguliwe, au kiasi fulani cha fedha kirudishwe. Historia ya familia, machozi ya mama, na miaka 34 aliyofundisha havina nafasi humo, hata kama ni kweli tupu. Ambatanisha nakala, usitoe karatasi halisi hata ukibembelezwa. Chapa barua mara mbili, na kabla hujaondoka masjala hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe ya siku hiyo.